Ngai-ngai na ndugu zake katika nchi ya theluji

Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu aliyeishi Montréal, Kanada, kwa miaka 14 kabla ya kurudi Kalemie. Ilikuwa katika mkutano wa wanachama wote. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu. (Kamati ya gazeti)



Kamati iliniomba niseme juu ya barua iliyotufikia kutoka kwa ndugu zetu wa Kanada. Munaijua, ilisomwa hapa mkutano uliopita na kelele ikatokea. Wanaomba vitu viwili. Cha kwanza, tuwatumie mbegu za ngai-ngai. Cha pili, tuwaeleze kwa nini ngai-ngai yao inaota vizuri, inatoa majani mengi, lakini vile vikombe vyekundu vya kupikia bissap hawavioni, mpaka baridi inafika na kuua kila kitu. Na hapa kwetu wengine walisema: tusiwatumie. Wakishajua kuotesha wenyewe, kilo zetu tutauzia nani? Feza ya chama itatoka wapi? Nilisikia hata neno "siri". Bon. Mimi nililima vitu hivi kule, katika chungu na katika kiwanja, naomba munisikilize kwanza, halafu tupige kura.

Tuanze na ukoo wenyewe. Ngai-ngai ni hibiskusi. Lile ua jekundu la kwenye ua wa parsele, ambalo watoto wanalichuma na kunyonya utamu wake, nalo ni hibiskusi. Ziko aina zaidi ya mia mbili duniani. Bamia ilihesabiwa humo zamani, ndipo wataalamu wakaipa jina lake pekee. Na pamba ni ndugu wa karibu. Wazee waliolimishwa pamba kwa nguvu enzi ya Wabelgiji watanishuhudia: ua la pamba lina petali tano na nguzo katikati yenye unga wa njano, sawasawa na ngai-ngai. Waliorudi kutoka Zambia wanaiita lumanda, waliotoka Tanzania wanajua juisi ya choya, Wasudani na Wamisri wanaiita karkade, Wasenegali bissap. Mmea ni mmoja.

Sasa, baridi. Hapa tukisema baridi tunataka kusema upepo wa ziwa asubuhi katika mwezi wa saba. Montréal, mwezi wa kwanza, kipimo kinakaa chini ya sufuri mchana na usiku, na usiku mbaya kinashuka mpaka -25 na zaidi. Maji yaliyo ndani ya jani yanaganda, yanapasua jani kutoka ndani, na asubuhi jani liko jeusi kama limechemshwa. Theluji inaanguka kwa mwaka kama mita mbili ukiijumlisha yote. Mtu anayetoka Moba au Nyunzu akiona hayo anasema, hapa hakuna kitu kinaweza kuishi. Kumbe viko. Na hibiskusi ziko ndani yake.

Kule nilikuta watu wanakusanya hibiskusi kama vile wengine wanakusanya stempu. Si Wakongo tu. Wazee wa kizungu, Wavietnamu, Wahaiti, kila mmoja na dirisha lake. Wanapeana vipande vya matawi, wanaandika majina kwenye vibao vidogo, wanagombana kuhusu rangi. Nilianza na chungu kimoja, nikafika kumi na moja. Makundi ni matatu, na ukiyachanganya unapoteza mimea yako mwaka wa kwanza, kwa hiyo nayaeleza moja moja.

Kundi la kwanza ni lile ua letu la kwenye ua, ambalo vitabu vinaliita rosa-sinensis. Wamalesia wamelifanya ua la taifa lao tangu 1960. Hilo halijui baridi kabisa. Kule linakaa katika chungu: mwezi wa tano mwishoni linatoka inje, mwezi wa tisa, usiku ukianza kushuka chini ya 10, linarudi ndani. Kabla ya kulirudisha unalioga. Ndiyo, unalioga, chini ya majani na juu, kwa maji na sabuni kidogo, sababu wadudu wanaingia nalo: vidukari, nzi weupe, na wale buibui wadogo wekundu ambao jicho la mzee haliwaoni. Inje walikuwa wachache, mvua inawapiga na wadudu wengine wanawala. Ndani ya nyumba yenye joto na hewa kavu wanazaa kama wako kwenye likizo. Baada ya wiki tatu utaona utando mwembamba kati ya majani, na majani yanageuka njano.

Jambo la pili kwa hilo la chungu ni mwanga. Watu wanafikiri linakufa kwa baridi ya nyumba. Hapana. Nyumba za kule zina joto. Linateswa na giza. Mwezi wa kumi na mbili siku ya Montréal haifiki saa tisa za mwanga, na ule mwanga wenyewe ni kama wa taa ya petroli. Kwa hiyo unaliweka dirisha linalotazama kusini, unapunguza maji, unakata matawi kwa theluthi moja, na unaliacha lipumzike. Likiangusha majani nusu, usipige kelele na usilimwagie maji kwa huruma. Mimea mingi ya chungu ya kule inakufa kwa huruma. Vitumba vikianguka kabla ya kufunguka, ujue limehamishwa ghafla au limekauka siku moja.

Kundi la pili ni zile zinazolala chini ya theluji. Hizi ndizo zilizonishangaza. Iko moja inaitwa moscheutos, mtoto wa Amerika ya Kaskazini mwenyewe. Kwao ni kwenye mabwawa, kutoka kusini ya Ontario mpaka Florida na Texas. Ua lake likifunguka ni kubwa kama sahani ya bukari, sentimita 20 na zaidi, jeupe, la waridi au jekundu lenye jicho jeusi katikati, na linaishi siku moja tu, kesho limenyauka na lingine limefunguka. Baridi ikifika, shina lote linakufa mpaka chini. Kinachobaki ni mizizi na kichwa chake ndani ya udongo. Unakata vile vijiti vikavu, unaacha kama shibri moja ili ukumbuke fasi ulipopanda, unafunika na majani makavu, na unaiachia theluji kazi. Hapo niwaambie kitu ambacho mtu wa hapa hawezi kukiamini: theluji ni blanketi. Juu yake hewa iko -20, chini yake udongo umeganda kidogo tu. Mwaka unaoua mimea ni ule wa theluji kidogo, udongo unaganda na kuyeyuka, unaganda na kuyeyuka, mpaka unang'oa mizizi.

Na ile moscheutos ina uvivu wake. Mwezi wa tano kila kitu kimechipuka, majirani wana maua, wewe una tundu la udongo. Watu wanaing'oa, wanasema imekufa. Haijafa. Inangoja udongo upate joto, wakati mwingine mpaka mwezi wa sita ndipo inatoa pua. Halafu inakimbia: mwezi wa nane inazidi kifua cha mtu. Porini kule Ontario imekuwa chache, nchi yao imeiweka kwenye orodha ya mimea ya kuangaliwa, sababu mabwawa yalikaushwa. Mkusanyaji mwenye akili haendi kuichimba bwawani. Ananunua ya shambani au anaomba mbegu kwa rafiki. Wako watu waliotumia maisha yao kuichanganya aina kwa aina. Huko Nebraska ndugu watatu wa jina Fleming, wa mji wa Lincoln, walitoa aina nyingi zenye majani mekundu na maua makubwa. Ile wanayoiita Kopper King nilikuwa nayo. Nebraska ni ya kiangazi kikali na baridi kali pamoja, kwa hiyo kilichovumilia kule kinavumilia fasi nyingi.

Nyingine katika kundi hilo ni syriacus, mti mdogo wenye shina la kweli, unafika mita mbili au tatu. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina, aliuita hivyo mwaka 1753 akifikiri ni wa Siria. Kwao ni China. Wakorea wanauita mugunghwa, ni ua la taifa la Korea Kusini. Ubaya wake: unamwaga mbegu, na mwaka ujao una vitoto mia chini yake. Yuko mtaalamu wa bustani ya taifa ya miti kule Washington, Donald Egolf, aliyetoa aina nne karibu tasa, akazipa majina ya miungu ya kike ya zamani na mengine ya namna ile: Diana, Helene, Minerva, Aphrodite. Diana ni nyeupe tupu. Mkinunua, nunueni hizo. Mti huo hauogopi baridi ya Montréal sana, unaogopa miguu kukaa kwenye maji wakati wa baridi. Moscheutos inataka maji, syriacus haitaki. Hiyo tofauti peke yake imeua mimea mingi ya watu.

Sasa nimefika kwa ngai-ngai, njo kilichotuleta.

Ngai-ngai haiwezi kulala chini ya theluji, na katika chungu ndani ya nyumba inakuwa ndefu na nyembamba kama mtoto aliyekosa jua. Inabidi kuiotesha kila mwaka upya. Mbegu zinalowekwa usiku mmoja katika maji ya vuguvugu, zinapandwa ndani ya nyumba mwanzo wa mwezi wa nne, karibu na dirisha au juu ya kitu chenye joto. Kwa wiki moja au zaidi kidogo zinachipuka. Zinatoka inje mwisho wa mwezi wa tano au mwanzo wa sita, usiku ukiacha kushuka chini ya 10. Usiwahi. Ukiwahi wiki mbili, mmea unakaa pale umekasirika, haukui, na yule jirani aliyengoja anakupita. Mmea ukifika urefu wa goti unakata ncha yake, unatoa matawi, na matawi ndiyo majani. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa unachuma. Mji wa Montréal una mpango wa bustani za pamoja tangu 1975, mtu wa jengo la ghorofa anaweza kupata kiwanja kidogo, ingawa foleni yake ni ndefu. Katika viwanja hivyo utaona mara moja nani anatoka wapi. Wareno na mizabibu, Wahaiti na pilipili, Wakongo na lengalenga na ngai-ngai. Mama wa miaka sabini, ambaye wakati wa baridi hatoki nyumbani wiki mbili, hajui Kifaransa cha kutosha kuongea na daktari wake, mwezi wa saba utamkuta kule tangu asubuhi, anafundisha watu. Wale wamama njo walioandika hiyo barua. Si watu wa biashara.

Nitaweka hapa kisa kidogo. Kule maduka ya maua yanauza mmea mmoja wenye majani mekundu ya giza kama damu ya mzee, wanauweka katikati ya vyungu vikubwa mbele ya mabenki kwa ajili ya rangi. Wanauita Mahogany Splendor. Mama mmoja wa kwetu aliuona dukani, akachuma jani, akatafuna, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Hii ni ngai-ngai! Wanapanda mboga ya watu mbele ya benki!" Alikuwa na haki. Ni acetosella, dada wa ngai-ngai yetu, na kwao ni huku kwetu: ilianza kulimwa upande huu wa kusini ya Kongo, Angola na Zambia, ikavuka bahari na watu waliouzwa utumwani mpaka Brazili, ambako wanaila hadi leo. Wamama wa Montréal sasa wanainunua. Neno moja tu kwao watakaosoma: mmea wa duka la maua umepigiziwa dawa ambazo si za chakula. Yale majani uliyonunua nayo musiyale. Kateni tawi, liwekeni katika gilasi ya maji, linatoa mizizi bila shida, lipandeni, na muanze kula yale yatakayoota kwenu.

Basi, swali lao. Kwa nini vikombe havitoki?

Jibu haliko katika udongo wala mbolea. Wengine wao wameongeza mbolea kila mwaka wakapata majani makubwa zaidi tu. Jibu ni urefu wa usiku. Ngai-ngai ni mmea unaohesabu saa za giza. Usiku ukiwa mfupi unaendelea kutoa majani. Mpaka usiku urefuke, siku ishuke karibu na saa 12, ndipo unaanza kutengeneza maua. Hapa Kalemie siku yetu ni kama saa 12 mwaka mzima, tofauti kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili haifiki saa moja. Kwa hiyo hatujawahi kuliona hilo jambo. Tunapanda mvua ikianza, mmea unakua, ukikomaa unatoa maua, tunafikiri ndiyo tabia ya kila mmea. Montréal, mwezi wa sita, jua linakaa juu zaidi ya saa 15 na nusu. Mmea unaona mwanga tu. Siku inashuka chini ya saa 13 mwanzo wa mwezi wa tisa, inafika 12 mwisho wa mwezi huo. Hapo ngai-ngai inaamka, inaanza vitumba. Na mwanzo wa mwezi wa kumi baridi ya kwanza inaanguka. Ilikuwa imebaki mwezi mmoja au miwili. Kila mwaka ni hivyo, na hakuna maombi yatakayogeuza jua.

Iko njia ya kuidanganya. Unaotesha mmea katika chungu, na kuanzia katikati ya mwezi wa saba unaufunika kila siku na kitambaa kizito cheusi au ndoo kubwa, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi, bila kuacha hata siku moja, hata taa ya barabarani isiingie. Ukivumilia wiki kadhaa, unatoa maua. Niliwahi kufanya na vyungu viwili. Nilipata vikombe vya kujaza bakuli moja dogo, vikawa vya chai ya siku ya Noeli. Ni mchezo mzuri kwa mkusanyaji. Kwa mtu anayetaka bissap ya harusi ni kichekesho.

Na angalieni matokeo yake mengine. Bila ua hakuna mbegu. Mwanachama wetu wa Kanada akipewa leo mbegu mia, mwaka ujao atahitaji mia nyingine, au aweke tawi dirishani miezi sita na kupigana na wale buibui. Nasema hivi kwa wale waliosema "siri". Tukiwatumia mbegu hatuwapi kiwanda. Tunawapa majani ya mboga ya mwaka mmoja, na tunapata mtu atakayetuandikia tena kila mwezi wa pili. Vikombe vyekundu kule havizai, vitatoka Sudani, Nijeria, Senegali, Mexico, au vitatoka kwetu. Hiyo njo hesabu.

Lakini sitaki mutoke hapa mukifikiri feza iko tayari mlangoni. Vikombe vibichi kilo kumi, vikishatolewa mbegu na kukaushwa, vinabaki kama kilo moja. Karibu yote ni maji. Yule anayeona gunia la vikombe vibichi na kuhesabu dola, ahesabu upya. Halafu kazi ya kutoa kile kitumba cha mbegu katikati, kimoja kimoja, kwa kisu au kwa bomba dogo lililonolewa, ni kazi ya wamama na wasichana kukaa siku nzima. Kama hatutaandika siku zao katika daftari na kuwalipa, mradi huu utakuwa mzuri kwenye ripoti na mbaya nyumbani. Wafadhili wetu, nawaomba mulisome hili mara mbili: ile feza muliyoahidi kwa ajili ya "bustani ya maua", sehemu kubwa iende kwa meza za kukaushia na kwa mikono, si kwa mbegu. Mbegu tunazo.

Kuhusu kukausha, wamama munajua zaidi yangu, naongeza mambo machache ambayo mnunuzi wa mbali anayaangalia. Chumeni asubuhi umande ukishakauka, wiki mbili mpaka tatu baada ya ua kuanguka, kikombe kikiwa kimenona na bado kinakatika kwa ukucha. Kikingoja zaidi kinakuwa cha nyuzi. Musitandaze chini, hata juu ya turubai. Meza ya fito na wavu, juu ya kiuno, chini ya paa la majani au bati lenye upepo. Jua la moja kwa moja linakausha haraka lakini linafifisha rangi, na rangi ndiyo wanayonunua. Wakati wa mvua haitakauka vizuri, itashika ukungu. Kwa hiyo tupange kupanda ili tuvune mvua inapokatika, si kila mtu anapojisikia. Chembe moja ya mchanga ikipatikana chini ya kikombe cha chai, mnunuzi harudi, na hatakuambia kwa nini.

Soko la kwanza lisiwe Kanada. Liwe hapa, liwe Lubumbashi kwa treni au kwa barabara ikipitika, liwe Kigoma kwa mashua. Tukishajua kutoa kilo hamsini safi, zote za rangi moja, ndipo tuongee na wa mbali. Na mzigo wa mbali, uwe mbegu au vikombe, upite kwa huduma ya karantini ya mimea, upate hati ya afya. Najua wengine munasema, si ninaweka tu mfuko mdogo katika sanduku la shangazi anayesafiri? Kule uwanja wa ndege wana mbwa wanaonusa, na yule shangazi njo atakayesimamishwa, si wewe. Mbegu zitachukuliwa na yeye anaweza kulipa faini. Zaidi ya hayo, mbegu chafu inabeba ugonjwa. Udongo hawaupokei kabisa, kwa hiyo mtu asijaribu kutuma mche na mizizi yake. Vilevile kwa upande wa pili: ninyi mutakaorudi kutoka Ulaya na Amerika, yale maua ya chungu mazuri, ya rangi mbili na petali nyingi, acheni kwa majirani. Niliacha yangu yote kumi na moja. Kopper King iko kwa mzee mmoja Mvietnamu, ananitumia picha kila mwezi wa nane.

Nimeulizwa na kijana mmoja kabla ya mkutano: je, zile hibiskusi za theluji, moscheutos na syriacus, zingeota hapa? Zingeota, lakini zinapenda kupumzika wakati wa baridi, na hapa hakuna baridi ya kuzipumzisha. Zingechoka. Sisi tuna zetu, hatuzihitaji. Kwa watu wa milima ya juu, kule Itombwe, ambako asubuhi inauma vidole, swali lao ni lingine: ngai-ngai inakua polepole sana pale, wapande ile yenye majani mekundu, wachague fasi iliyokingwa na upepo, na wasitegemee mavuno ya vikombe kama ya kando ya ziwa.

Nimemaliza karibu. Pendekezo langu kwa kura ni hili. Tuwatumie ndugu zetu mbegu za mboga kwa njia ya karatasi, gharama za hati walipe wao, na wamekwisha kusema katika barua kwamba wako tayari. Kila pakiti iandikwe aina: ya majani mabichi au ya majani mekundu, sababu kule dirisha ni dogo na mtu hana nafasi ya kujaribu. Ndani yake tuweke karatasi moja ya maelezo, ya Kiswahili na ya Kifaransa, juu ya kuloweka mbegu, siku ya kupanda, na lile jambo la usiku, ili wasiendelee kutupa feza katika mbolea. Na kiwanja cha chama, ile nusu hekta kando ya mto, tuigawe: theluthi moja ya mbegu, mbili za vikombe. Mbegu na vikombe visichumwe kwenye mmea mmoja, kwa sababu ukitaka mbegu lazima uache kikombe kikauke juu ya mti, na hapo hakifai tena kwa bissap.

Anayetaka mbegu za kwake aende mezani kwa mama mtunza hazina, pakiti moja kwa nyumba, ishirini ndani yake. Kila atakayechukua ataandikwa, na baada ya mavuno atarudisha vitumba kumi vilivyokauka vizuri. Wale wa kamati ya meza za kukaushia tuonane Jumamosi saa 3 asubuhi kiwanjani, mje na panga na kamba, fito zitakatwa palepale.

Kama kuna maswali, naanza na wamama.